Binti Yangu Ameposwa na Kijana wa Tandale, Nimeshindwa Kujibu Barua

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina miaka 53, naishi Kimara Temboni na mume wangu. Naomba jina langu usilitoe kwa sababu wanajumuiya wenzangu nao ni wasomaji wako.

Binti yangu wa kwanza ana miaka 27 na ni mhasibu kwenye kampuni binafsi. Mwisho wa mwezi wa saba ilikuja barua ya posa. Ilikuja kwa utaratibu wote: washenga wawili watu wazima, barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe juu ya sahani, na hela ya kufungulia. Mimi na mume wangu tuliipokea vizuri, tukawaambia watupe muda. Mpaka leo ninapokuandikia sijaijibu.

Kijana ana miaka 31, ni fundi wa friji na viyoyozi. Alisomea VETA, sasa ana tenda zake za kufunga AC maofisini na wakati mwingine anaajiri vijana wawili watatu. Ana heshima, sijawahi kusikia anakunywa, na kila akija hapa nyumbani hakosi kumuuliza mume wangu hali ya mguu wake. Tatizo langu ni anakokaa. Anakaa Tandale kwa Mtogole, tena ndani ndani. Kuna nyumba aliyoacha marehemu baba yake. Mama yake anaishi humo pamoja na wapangaji, na yeye amejenga chumba na sebule uani. Mpango wake ni waanzie maisha hapo huku akijenga Chanika, alikonunua kiwanja. Anasema msingi umeshasimama.

Mshauri, usinione mtu wa kudharau watu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Buguruni, kwa Mnyamani. Nimelala chumba kimoja na wadogo zangu watano. Choo tulikuwa tunapanga foleni na wapangaji, na mvua ikianza usiku tunaamka kupandisha magodoro juu ya meza. Wasichana niliocheza nao rede, wawili walizaa kabla ya kumaliza darasa la saba. Kaka wa nyumba ya jirani alichomwa moto kwa kuitiwa mwizi, na mpaka leo hakuna anayejua aliiba nini. Kwa hiyo ninaposema sitaki, nakijua ninachokikataa. Mimi na mume wangu tulinunua kipande hiki cha Kimara mwaka 1998, wakati huku bado ni mashamba na miembe, tukajenga kidogo kidogo, tukibeba maji kwa madumu, ili watoto wetu wasikulie maisha yale.

Mwezi uliopita mimi na mdogo wangu tulienda kuona. Tulishuka mwendokasi Manzese, tukachukua bajaji, ikafika mahali dereva akasema mama, mwisho hapa. Tukaingia vichochoroni, mdogo wangu kanishika mkono tusikanyage maji ya watu waliokuwa wanafua. Kwenye kibaraza kimoja wanawake walikuwa wanasukana. Mmoja akatuangalia, akasema, “Karibuni wakwe, ni mlango ule wa bluu.” Hatujawahi kuonana naye maishani! Nikajua huku hakuna siri, kila atakachokula mwanangu kitajulikana.

Nisiseme uongo, tulikaribishwa vizuri mno. Mama wa kijana alitupikia wali wa nazi na kibua, akatutandikia mkeka mpya. Lakini muziki wa jirani ulipigwa tangu tunafika mpaka tunaondoka, na nilipoomba kwenda msalani nikamkuta mpangaji na mtoto wake wanasubiri zamu. Nikasimama nyuma yao na ndoo yangu. Nilijiona nina miaka kumi tena.

Huku nyumbani kila mtu ana lake. Mume wangu anasema kijana ana adabu, ana kazi ya mikono, nijibu barua tuendelee na mengine. Binti anasema, “Mama, kutoka Kimara mpaka ofisini Kijitonyama nikikosa gari zuri ni saa moja na nusu. Tandale ni dakika kumi na tano.” Yaani kwake ni suala la foleni! Dada yangu ameshauri tutaje mahari ambayo hawataiweza, waondoke wenyewe bila sisi kuonekana tumekataa. Mimi nilifikiria kumpa kijana sharti apange nyumba Sinza kwanza, ndipo tuzungumze.

Na kuna aibu, sitaki kuificha. Kwenye jumuiya mama mmoja aliniuliza mkwe anatokea wapi. Nikamwambia Tandale. Akasema, “Tandale ipi?” kana kwamba ziko mbili, wenzake wakacheka. Matangazo ya ndoa yakianza yatasomwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, “mkazi wa Tandale”, na mimi nimekaa benchi la mbele na sare ya kwaya.

Nikikubali, naona kama namrudisha mwanangu nilikotoka. Nikikataa, naweza kumkosa kabisa. Nishauri.

Mama wa Kimara

*

Mama mwenzangu,

Nimeisoma barua yako nikitafuta kosa la kijana. Nimekuta choo, muziki, vichochoro, bajaji iliyogoma na wanawake wanaosukana. Yeye umempa mistari michache, na yote ni ya sifa, mpaka na mguu wa baba mkwe anaoukumbuka kuuulizia. Hilo peke yake halimfanyi awe mume mwema. Ila linaonyesha kwamba mpaka sasa uliyemchunguza ni Tandale, kijana bado hujamchunguza.

Sitaki kukuhubiria kuhusu dharau, kwa sababu hofu yako si ya mtu aliyeyaona maisha hayo kupitia dirisha la gari. Yule mama wa “Tandale ipi?” pengine hajawahi kusimama na ndoo kusubiri choo. Wewe umesimama. Aliyelelewa kwenye shida akahangaika kuiacha ana haki ya kuogopa inaporudi kumchungulia mlangoni, tena ikiwa imekuja na barua na kitambaa cheupe. Naona pia kwamba kumefungwa mambo matatu kwenye furushi moja ukaliita Tandale. Naomba tulifungue.

La kwanza ni eneo lenyewe, maana hatari zake nyingine ni za kweli na hazitaki maneno matamu. Mto Ng'ombe unapita Sinza na Tandale kabla ya kuingia Msimbazi, na walio karibu nao wanajua mvua za masika zina maana gani. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu wapatao 40 jijini, na familia nyingi za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Tangu wakati huo kingo za Mto Ng'ombe zimejengewa katika sehemu nyingi, na barabara na mitaro ya lami imeingia Tandale kupitia ule mradi wa kuboresha jiji uliokopewa fedha Benki ya Dunia. Lakini kichochoro ulichopita wewe kinaweza kuwa kimefikiwa au kimerukwa, na jina la kata haliwezi kukwambia. Anayeweza kukwambia ni mama wa kijana: masika iliyopita maji yalifika wapi ukutani? Choo kile kinatumiwa na kaya ngapi, na kikijaa nani analipia gari la kunyonya? Kijana anao uwezo wa kumjengea mkewe choo cha ndani kwenye kile chumba na sebule? Maswali hayo yana majibu, na majibu yakiwa mabaya utakuwa na sababu ya kusimama nayo mbele ya mtu yeyote, pamoja na binti yako.

Nikwambie na hili, kwa kuwa wewe ni mtu wa Barabara ya Morogoro. Mwaka 2017 zilipovunjwa nyumba za kutoka Kimara kuelekea Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara, wako watu walioamka na alama nyekundu ya X ukutani baada ya kujenga miaka yote. Si ajabu wengine unawafahamu. Hao hawakukaa Tandale. Na kile kipande chako cha mwaka 1998, kilipimwa na serikali ukiwa unakinunua, au kilikuja kufikiwa na urasimishaji baadaye kama ilivyokuwa kwa wengi huko Kimara? Sikuulizi ili nikuumbue. Makadirio ya siku nyingi yanasema zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye makazi yasiyopangwa, na sehemu kubwa ya Kimara ilianza hivyo hivyo. Ukiamua kuwatoa hao wote kwenye orodha ya wakwe utabaki na vijana wachache sana, na wazazi wa baadhi yao wakisikia Kimara watauliza kama siku hizi maji yanatoka.

Mipaka hii tunayoiogopa ilichorwa na watu waliotaka tuogopane. Wajerumani walianza kutenganisha maeneo kwa kanuni za ujenzi za mwaka 1891, na Waingereza katika miaka ya 1920 wakaligawa jiji kanda tatu, Wazungu upande wa baharini, Wahindi katikati, Waafrika ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Walipoondoka, sisi tukabaki tunaulizana “unakaa wapi?” kwa sauti ileile. Angalia hata hiyo Sinza unayoitaka. Sinza na Manzese zilipita kwenye mradi mmoja wa viwanja wa miaka ya 1970. Sinza ilipimwa viwanja vipya, Manzese waliokuwapo tayari wakaboreshewa njia na huduma pale pale walipo. Mradi mmoja, serikali moja, na leo mtu akitaja Sinza anakaribishwa kiti, akitaja Manzese watu wanashika mikoba. Tandale imepakana na Sinza. Kuna mahali ukivuka mpaka tu mkwe wako angekuwa amekubalika.

Najua utaambiwa, au umeshaambiwa, mbona Diamond Platnumz amekulia Tandale. Mimi hoja hiyo siipendi. Inasema mtoto wa Tandale anasamehewa akishakuwa tajiri. Huyu wako anafunga viyoyozi, na anayo haki ya kupimwa kama fundi wa viyoyozi.

Halafu kuna jambo moja kwenye barua yako ambalo limenikaa. Unapowataja wasichana wa rede na yule kaka aliyechomwa moto, unasema ni Buguruni iliyowafanya vile. Unapojitaja wewe mwenyewe unasema mlihangaika, mlibeba madumu, mlijenga. Wewe pia ulitoka Buguruni ileile, kwa Mnyamani ileile. Kijana huyu aliyesoma ufundi, akanunua kiwanja Chanika na kusimamisha msingi akiwa bado anaishi uani kwa mama yake, anafanana na kundi lipi kati ya hayo mawili? Mimi sijui. Nakuuliza wewe uliyewaona wote.

Na washenga wa mumeo, mama, siku walipoleta barua yenu waliipeleka wapi? Hukuandika, lakini kama ulikuwa bado kwenu, basi walipita kwa Mnyamani, wakaruka maji ya kufulia kama ulivyoyaruka wewe. Muulize mumeo kwao walisema nini jioni ile walipomrudishia habari. Inawezekana ndiyo maana leo anakuhimiza ujibu barua, na wewe unaona kama halichukulii jambo kwa uzito.

La pili kwenye furushi ndilo linalonipa wasiwasi mkubwa zaidi, na wewe umelipita haraka. Binti anakwenda kuishi ua mmoja na mama mkwe. Hilo lingekuwa suala hata kama ua huo ungekuwa Masaki wenye bustani na mlinzi. Nani atapika, na kwenye jiko lipi? Mama akizoea kuingia sebuleni kwa mwanawe bila hodi, nani atamwambia? Kodi ya wapangaji anakusanya nani, na luku ikiisha anaweka nani? Mama aliyekutandikia mkeka mpya anaweza kuwa mama mkwe wa kheri. Anaweza pia kuwa mtu mwema ambaye hajajiandaa kugawana mtoto wake wa kiume na mwanamke mwingine.

La tatu, lililo hapo hapo, ni la nyumba. Umesema aliiacha marehemu. Je, mirathi ilifunguliwa Mahakama ya Mwanzo na msimamizi akateuliwa? Kijana ana ndugu wangapi, na wanajua kwamba ile sehemu ya uani ameijenga kwa fedha yake? Nimeona watu waliojenga kwa jasho lao kwenye ua wa urithi ambao haujagawanywa, ndugu wakataka kuuza, na anayeondoka na bati mkononi ni yeye. Uliza pia kama eneo lina leseni ya makazi, na hiyo leseni ina jina la nani. Kwa Chanika ni vivyo hivyo: mauziano yaliandikwa mbele ya nani, serikali ya mtaa inamtambua, mipaka ameonyeshwa na majirani? Hayo ndiyo maswali ya mzazi, na kijana makini hatakasirika kuulizwa. Akikasirika, hiyo nayo ni habari.

Wale wanawake wa kibarazani waliokutisha wanaweza kuwa ndio msaada wako mkubwa. Walijua wewe ni nani kabla hujafungua mdomo. Basi na kijana wanamjua. Wanajua anarudi saa ngapi, anarudi na nani, mama yake akiugua anafanya nini. Muuza duka wa pale ana daftari la madeni, anajua nani analipa mwisho wa mwezi na nani hubadilisha njia. Mjumbe anajua nani ameitwa ofisini kwa ugomvi. Hapo Temboni penye kuta na mageti, jirani wa nyumba ya tatu anaweza kuwa anampiga mkewe kila Ijumaa na wewe ukamsifu kwa kunyamaza kwake. Ila usimeze kila utakachoambiwa. Mtaa nao hujua kumfichia mtoto wao, hasa mgeni anapokuja na kitenge kipya anauliza maswali. Mtume mtu anayezoeleka, asiwe na haraka, na asikilize zaidi ya kuuliza.

Sasa nije kwenye njia mlizozifikiria.

Ya mahari kubwa naiogopa kuliko kukataa waziwazi. Kukataa ni neno moja na linaeleweka. Mahari ya kufukuzia ina njia mbili na zote zinamwangukia binti. Kijana anaweza kukopa, aiuze na kiwanja cha Chanika, alete yote, na ukawa umemwoza mwanao kwa mtu mwenye deni na asiye na msingi tena. Au anaondoka, halafu siku moja mama mkubwa anateleza kwenye harusi ya mwingine anasimulia mlivyopanga, na binti anasikia. Kumbuka pia ana miaka 27. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 mtu mzima haoi wala haolewi kwa idhini ya wazazi, na ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Wakitaka kwenda bomani watakwenda. Wengi hawaendi, kwa kuwaheshimu wazazi, lakini heshima hiyo ukiitumia kama kamba wataikata.

Ya kupanga Sinza ina faida ambayo pengine hukuifikiria: inawapa wawili hao mlango wao wenyewe. Kwa sababu hiyo peke yake siitupi. Gharama yake ni kwamba wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na fedha hiyo itatoka kwenye matofali ya Chanika. Mnaweza kumweka kwenye nyumba nzuri ya kupanga kwa miaka kumi ili msimwone Tandale kwa miaka miwili. Na yule mama mjane, kijana akihama, anabaki na nani? Ukilipeleka jambo hili kama sharti, kijana atalisikia kama bei ya kuoshwa asinuke Tandale. Ukiliweka mezani kama swali kwa wote wawili, mmefikiriaje kuhusu kuwa na mlango wenu, wanaweza kukushangaza. Labda watasema Mwananyamala, labda chumba kingine palepale Tandale lakini si kwenye ua wa mama, labda watasema tupeni mwaka mmoja uani na tarehe ya kuhamia Chanika tunaiandika. Labda pia watasema hapana, hapohapo uani panatutosha, na mtalazimika kuamua kama mnaweza kuishi na jibu hilo.

Kukataa kabisa ni haki yenu kusema, nami sitakukataza. Kama uchunguzi utaibua jambo, kataa ukiwa na jambo hilo mkononi. Ukikataa kwa sababu ya anwani, jiandae kuishi na binti anayejua kwamba mama yake mzaliwa wa Buguruni ndiye aliyesema mtu wa Tandale hafai. Kukubali huku moyo umefungwa nako kuna hasara yake. Utakuwa unapita Manzese kwenye mwendokasi bila kushuka, wajukuu watajua bibi wa Kimara hapendi kwetu, na watoto hulijua hilo mapema kuliko tunavyodhani.

Sijasahau jumuiya. Aibu uliyoitaja si ndogo, maana wale ndio watakaokuchangia harusi na ndio watakaokuzika. Lakini yule mama akirudia tena “Tandale ipi?”, mjibu kwa kicheko, “Ile yenye soko la nafaka, unakopelekewa maharage unayonunua.” Hana la kuongeza. Kuhusu matangazo, sina dawa. Yatasomwa Jumapili ya kwanza utajisikia vibaya, ya tatu watu watakuwa wanaulizana sare ni rangi gani.

Nimemwacha binti mwisho ingawa ndiye mwenye ndoa. Ulichekea hoja yake ya foleni. Mimi nimeisikia tofauti: huyu ameshapiga hesabu za kuishi pale, saa za kuamka, nauli, umbali wa ofisi. Ameshafika Tandale mara nyingi kuliko wewe, na bila shaka ameshasimama kukisubiri kile choo. Inawezekana kabisa kwamba naye ana hofu zake, za ua, za mama mkwe, za kelele akiwa mjamzito. Kwako hawezi kuzisema, kwa sababu kila unapoishambulia Tandale unamlazimisha kuwa wakili wake, na wakili hakubali udhaifu wa mteja mbele ya mwendesha mashtaka. Jaribu siku moja kukaa naye jikoni bila dada yako kuwapo, umsimulie Buguruni yako yote, ya magodoro mezani na ya wale wasichana, bila kumalizia na “kwa hiyo usiolewe”. Halafu umuulize yeye anaogopa nini. Akinyamaza, nyamaza naye.

Washenga nao wamesubiri vya kutosha. Ukimya wa tangu mwezi wa saba kule umeshaanza kutafsiriwa, na hujui unatafsiriwaje. Mtumieni ujumbe mshenga mkuu, asikie kwa mumeo mwenyewe: barua tumeipokea kwa heshima, tunaomba muda mpaka tarehe fulani, itajeni tarehe, na kabla ya siku hiyo tunaomba kijana aje mwenyewe na karatasi za Chanika tuzungumze naye pamoja na binti. Dada yako mwombeni radhi, siku hiyo asiwepo.